Namba ya bure ambayo hakuna anayeijua

Mhariri,

Nauza dawa Likoni, ng'ambo ya feri, na huu ni mwaka wangu wa 19 nyuma ya kaunta. Wateja wa saa mbili usiku nawajua kwa mwendo. Hungoja duka liwe tupu, hujifanya wanasoma maboksi ya dawa ya meno, kisha husogea: "Shangazi, kuna rafiki yangu ana shida fulani." Huyo rafiki nimemtibu miaka yote hii na sura yake sijaiona hata siku moja.

Watu hawa huja na simu mkononi, tena nyingine nzuri kuliko yangu. Laini ya 1190, inayoendeshwa na shirika la LVCT Health, hupigwa bure na hujibu maswali ya vijana kuhusu afya ya uzazi na virusi vya Ukimwi. Iko 116 ya watoto, iko 1195 ya waliodhulumiwa kijinsia. Lakini nikiwauliza wateja wangu, namba ya till ya muuza viazi karai wanayo kichwani, hizi hawazijui. Wachache wanaozijua waliziona kwenye bango la kliniki, yaani walipokwisha kufika kliniki.

Kinachoniuma ni saa. Msichana anayekuja Jumatatu asubuhi kutafuta P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, kwa mambo ya Jumamosi usiku bado hajachelewa. Vidonge vile hutakiwa kumezwa ndani ya saa 72, na kadiri saa zinavyopita ndivyo nguvu yake inavyopungua. Analipa, anameza hapo hapo, anatoka moyo umetulia. Ila P2 huzuia mimba tu. Haina habari na virusi vya Ukimwi, kisonono wala kaswende. Na saa hizo hizo 72 ndizo alizo nazo mtu kuanza dawa za PEP, zile za kuzuia virusi baada ya kujiweka hatarini, ambazo humezwa siku 28 na hupatikana katika hospitali za umma. Dukani kwangu hakuna anayeziulizia. Watu wanaogopa mimba kuliko virusi, maana mimba majirani huiona.

Nikianza kumweleza binti habari hizo, macho yake yanakimbilia mlangoni. Ameingia mtu anayejuana na mamake. Basi anasema, "Ahsante shangazi, nimeelewa," na najua hajaelewa. Mshauri wa kwenye simu hana mlango wa aina hiyo. Mimi mwenyewe nimewahi kupiga 1190, nikajifanya nina rafiki mwenye shida (ndiyo, na mimi), na hakuna aliyetaka kitambulisho changu.

Wako wazazi wanaoniambia laini hizi zinawafunza watoto uhuni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wenye miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba. Sidhani waliofundishwa uhuni na simu ni hao. Mimi nilipovunja ungo, mama hakunitamkia neno. Alinipeleka kwa somo wangu, yule mama wa kunifunda, na niliyoelezwa mle chumbani siwezi kuyaandika gazetini. Hakuna aliyemwita somo mhuni. Alipewa kanga na heshima zake. Siku hizi kungwi huitwa wiki ya harusi, bibi harusi ana miaka 27, na ngoma zinapigwa kumfundisha mtu anayeweza kumfundisha kungwi.

Hata hivyo sitaki kuwasingizia wateja kila kitu. Nyumba ya chumba kimoja, watu watano, ukutani upande wa pili unamsikia jirani akikohoa: mtu atauliza vipi kuhusu usaha unaomtoka? Na mume ndiye anayeshika simu jioni, akipitia nani alipigiwa. Kwa hiyo naelewa kwa nini shirika la FHI 360 lilipoanzisha huduma ya simu ya m4RH mwaka 2010, hapa na Tanzania, lilitumia ujumbe mfupi kujibu maswali ya kupanga uzazi. Ujumbe hausikiki ukutani. Unasomwa, unafutwa, basi.

Kuna laini nyingine, sitaitaja, niliyoipiga usiku mmoja. Ikanipokea kwa muziki, halafu Kiingereza, bonyeza moja, bonyeza mbili, muziki tena. Nikakata. Aliyejikaza siku nzima kuuliza jambo la aibu hana subira ya muziki. Wenye laini waandike na saa zao za kazi kando ya namba, na sauti ya kwanza iwe Kiswahili. Na vijana wanaopiga kwa mzaha wakiwa barazani, wakiweka spika wenzao wacheke, wajue wamemzibia njia mtu ambaye saa zake zinahesabika.

Ombi langu kubwa ni kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Iamuru kila pakiti ya P2 na ya kondomu inayouzwa nchini ichapishwe 1190 kwa nje, kwa tarakimu kubwa. Ile karatasi ya ndani yenye maandishi ya kusomwa kwa kioo haisomwi na mtu. Nimewahi kuiokota mlangoni asubuhi zaidi ya mara moja, imekunjwa vile vile ilivyotoka kiwandani.

Nikingoja hilo, nimeanza kuiandika namba mwenyewe kwa kalamu kwenye mifuko ya khaki ninayofungia dawa. Juzi mama mmoja alirudi na mfuko wake, amekasirika. "Bi mkubwa, mimi nimelipa mia tatu. Hii elfu moja mia moja na tisini ni ya nini?" Nikamwambia hiyo ni namba ya simu, na ni bure. Akauliza, simu ya nani? Nyuma yake walikuwa wamesimama watu wawili. Nikamwambia apige, wenyewe watamweleza.

Aliwatazama wale wawili, akaukunja mfuko, akautia ndani ya kanga.

Muuza dawa,
Likoni, Mombasa