Somo, anza na anwani

Tanga, Jumapili jioni

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kwamba umeamua kuyatafutia mashairi yako nyumba yake mwenyewe. Umeuliza uingie Mastodon, ule mtandao wa kijamii wa machapisho mafupi, au ufungue blogu. Fanya yote mawili, ila ufuate mpangilio huu: kwanza nunua jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti yako, kisha fungua blogu, Mastodon iwe ya mwisho. Wengi huanzia mwisho, na baadaye wanapohama huacha wasomaji njiani.

Katika mitandao hii isiyo na mwenye mmoja, anwani ya mtu ina sehemu mbili kama barua pepe: @jina@seva. Seva, yaani kompyuta zinazohifadhi akaunti za watu, ni nyingi, kila moja ina wenyewe, na zinaelewana kwa itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, iitwayo ActivityPub, ambayo W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, waliipitisha Januari 2018. Ndiyo maana aliye Mastodon anaweza kumfuata wa Pixelfed anayeweka picha, au wa PeerTube mwenye video, bila kufungua akaunti ya pili. Lakini mfuasi anashikilia anwani nzima. Ile sehemu ya baada ya alama ya pili ikibadilika, kwake umekuwa mtu mwingine. Mwaka 2023 Mali ilipochukua tena usimamizi wa vikoa vya .ml, ambavyo kwa miaka vilikuwa vikigawiwa bure, baadhi ya seva zilijikuta hazina jina, na akaunti zilizokuwa ndani yake zikakatika na wafuasi wao. Kwa hiyo kikoa cha bure kiache. Nunua cha .co.tz au .com, kisajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, wala si kwa jina la fundi atakayekuwekea tovuti, na uandike mahali tarehe ya kulipia tena.

Blogu nakushauri utumie WordPress, programu ya kuendeshea tovuti. WriteFreely, programu nyingine ya blogu, ni nyepesi na safi kwa maandishi matupu, ila majibu ya wasomaji huyaoni humo, na najua wewe unapenda kujibizana. Kwenye WordPress iliyo kwenye kikoa chako, weka programu-jalizi, yaani programu ndogo ya nyongeza, inayoitwa ActivityPub. Kabla ya kuiwasha, nenda kwenye mipangilio ya viungo vya kudumu, yaani anwani ya kila makala, uhakikishe hukuacha ule mtindo wa alama ya kuuliza na namba. Chagua wenye jina la makala. Hakikisha pia anwani inaanza na https, na blogu iko kwenye kikoa chenyewe, si ndani ya folda kama mfano.co.tz/blogu, kwa sababu seva nyingine zikikutafuta zinaanzia mlangoni, haziingii vyumbani.

Programu-jalizi itakuuliza kama anayefuatwa awe mwandishi au blogu nzima. Chagua blogu. Jina utakaloliweka hapo ndilo hilo hilo, usilibadilishe ukishapata wafuasi. Usishangae mashairi ya zamani yasipowafikia: yanayotumwa ni yale unayochapisha baada ya kuiwasha. Kuna jambo jingine linalowachanganya wengi: unachapisha, saa inapita, hakuna aliyepata kitu. WordPress hufanya kazi zake za nyuma ya pazia pale mtu anapofungua ukurasa wa tovuti. Blogu changa haina wageni, basi kazi inabaki foleni. Fungua ukurasa wako mwenyewe mara moja au mbili, utaona yanatoka. Yakikwama bado, zima kwa muda programu-jalizi ya kuharakisha kurasa au ya ulinzi, kama unayo. Hizo mara nyingine huipa seva ya mbali ukurasa wa kawaida wa kusomwa na binadamu badala ya data iliyoomba, au huifungia mlango kabisa zikidhani ni mdukuzi.

Kwenye WordPress kila kipande cha makala huitwa bloku; kwa mashairi tumia bloku maalumu ya ubeti. Kwenye bloku ya kawaida, kila ukibonyeza Enter unaanza aya mpya, na ubeti wako utatawanyika mshororo mmoja mmoja. Ukilazimika kutumia ya kawaida, bonyeza Shift pamoja na Enter.

Sasa Mastodon. Chapisho lina nafasi ya herufi 500 kwenye seva nyingi, na nafasi tupu zinahesabiwa. Chukua mshororo wa mizani kumi na sita: "Nimeketi barazani, naitazama bahari." Huo una herufi 36 pamoja na nukta. Ubeti wa mishororo minne unakula kama 145 hivi, kwa hiyo beti tatu zinaingia, ya nne haiingii. Bluesky, mtandao mwingine unaotumia itifaki nyingine kabisa, ina 300, yaani beti mbili. Weka beti mbili Mastodon, chini yake kiungo cha blogu penye shairi zima. Kiungo kinahesabiwa herufi 23 hata kiwe kirefu namna gani.

Seva itafute kwenye orodha ya joinmastodon.org. Zilizo kwenye orodha hiyo zimekubali masharti manne: kuhifadhi nakala ya data kila siku, kuwa na angalau mtu wa pili mwenye ufunguo wa dharura, kupiga vita ubaguzi kwa vitendo, na kutoa taarifa miezi mitatu kabla ya kufunga. Hilo la mwisho ndilo muhimu kwako. Soma kanuni za seva yenyewe pia, zikiwemo za lugha. Ukiombwa sababu ya kujiunga, andika sentensi mbili za kweli kuhusu mashairi, maana anayezisoma ni mtu.

Siku ya kwanza utakuta ukurasa mtupu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Hakuna mashine inayokuchagulia cha kuona. Unaona tu wale uliowafuata, kwa mpangilio wa saa. Basi fuata watu thelathini au arobaini siku hiyo hiyo, na ufuate hashitegi pia, kama #Kiswahili. Kabla hujamfuata mtu, weka picha, maelezo mafupi, na shairi moja. Akija kukutazama akute mtu, asikute ganda. Ukimtembelea aliye seva ya mbali, huenda ukaona machapisho mawili tu na yeye ana mia. Hayajafutwa, seva yako haikuwahi kuyapokea kwa kuwa hakuna mwenzako humo aliyekuwa akimfuata.

Kupenda chapisho kwa nyota hakulisambazi kwa mtu yeyote. Shairi likikugusa, lipitishe kwa alama ya mishale miwili. Nawe waombe wasomaji wako wafanye hivyo, bila haya.

Pale unapoandikia kuna kitufe kidogo cha lugha. Kiweke Kiswahili. Kikibaki Kiingereza, waliochagua kuona Kiswahili tu hawatakuona kwenye kurasa za machapisho ya wote. Hashitegi yenye maneno mengi ianzishe kila neno kwa herufi kubwa, #MashairiYaKiswahili, ili programu inayomsomea asiyeona ilitamke vizuri. Picha nazo ziandikie maelezo. Halafu ingia kwenye mipangilio ya faragha uruhusu machapisho yako kutafutwa, kama unataka yapatikane kwa maneno. Tangu toleo la 4.2 hilo ni hiari, na usipogusa huwa limezimwa.

Mazungumzo ya watu wawili humo si siri. Hayajafungwa kwa usimbaji, kwa hiyo msimamizi wa seva anaweza kuyasoma. Na ukimtaja mtu wa tatu kwa @jina lake ndani ya ujumbe huo, umemwalika: naye anaupata. Mambo ya nyumbani usiyaandike huko. Ukifuta chapisho, ombi la kufuta linatumwa kwa seva nyingine, ila huwezi kuilazimisha kila moja itii.

Ukitaka kuhama seva, fungua akaunti mpya kwanza, na humo utaje ile ya zamani kuwa ni yako. Kisha rudi kwenye ya zamani uamuru kuhama. Wafuasi watahamishwa, machapisho yatabaki nyuma, na hutaweza kuhama tena mpaka zipite siku 30. Orodha ya unaowafuata ipakue kama faili ya CSV uiingize kule mpya. Fanya haya seva ikiwa hai. Ikishazimika hakuna njia, kwa sababu ni seva ya zamani inayopaswa kuwatangazia wafuasi kwamba umehama. Nakala ya machapisho unaweza kuiomba mara moja kila siku saba. Mimi ningeiomba kila mwezi na kuiweka kwenye flashi.

Mashairi yakianza kugeuka habari za matukio, ulizia kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kuhusu leseni ya maudhui ya mtandaoni. Kanuni za 2018 zimebadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo usitegemee maelezo ya zamani ya watu.

Ukimaliza, nitumie anwani ya blogu, ile yenye @ mbili. Nitaifuata kutoka hapa, kisha chapisha ubeti mmoja tu na ufungue ukurasa wako. Ubeti huo usiponifikia ndani ya robo saa, nitakuandikia tuanze kukagua zile programu-jalizi moja moja.

Msalimie mama.

Ni mimi, somo wako