Klabu ya shabaha yakosa watu wazima, bunduki zipo

Ndugu Mhariri,

Wazazi wenzangu wa Afrika Mashariki tunaoishi hapa Marekani huniuliza kwa nini nampeleka binti yangu wa miaka 12 "kufundishwa bunduki". Nawaelewa. Baadhi yetu tulikimbia mahali ambapo bunduki haikuwa mchezo. Ila kuna jambo linalonikera zaidi ya hilo.

Klabu yetu iko chini ya 4-H, mpango wa vijana unaoendeshwa kupitia vyuo vikuu vya majimbo. Watoto hutumia bunduki ya upepo, shabaha ikiwa mita 10 mbele. Bunduki zipo, miwani ya kukinga macho ipo, ukumbi upo. Wakubwa ndio hawapo. Sheria yetu inataka watu wazima wawili, mmoja wa kutoa amri na mmoja wa kusimama nyuma ya watoto. Akikosekana mmoja, hafyatui mtu. Majira ya baridi yaliyopita tulifunga ukumbi Jumamosi tatu, na huko nje wazazi wamejaa kwenye magari, injini zinanguruma, kila mtu na simu yake.

Wengi hudhani lazima uwe hodari wa shabaha. Wapi! Mimi kile kidoa cha katikati ya shabaha, chenye alama 10, ambacho mashindanoni hakizidi nusu milimita, sijui nitakipata lini. Kazi ni macho: mtutu unaelekea wapi, kidole kisiguse kifyatulio kabla ya wakati, kibendera kimechomekwa kuonyesha chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu. Hakuna anayekwenda kubadilisha karatasi yake ya shabaha mpaka bunduki zote zimelazwa. Na akiona hatari, hata mtoto wa miaka tisa anaruhusiwa kupaza sauti "Acha!" na sote tukaacha, viongozi tukiwamo. Kabla ya kukabidhiwa watoto, mtu huchunguzwa rekodi zake, kisha hupewa mafunzo. Mafunzo yenyewe ni siku chache tu.

Lakini na sisi viongozi tuna lawama. Tumezoea kushika funguo miaka nenda rudi, mgeni akija tunampa ufagio. Kuna mama alikuja mara mbili, anajua hesabu vizuri, angetufaa sana kujumlisha alama. Hakuna aliyemuuliza. Hakurudi.

Wiki hii nimempigia simu. Amekubali kuja Jumamosi, kwa sharti kwamba ufagio nishike mimi.

Mzazi wa kujitolea,
Minnesota, Marekani