Nikishamfundisha muuzaji, anakwenda kuwa winga

Mshauri, habari za kazi.

Nina maduka matatu ya nguo za kike hapa Dar es Salaam, Kariakoo, Sinza na Mbagala, na nimeshalipia fremu ya nne Dodoma. Mzigo upo, wateja wapo. Kinachoniumiza kichwa ni wauzaji.

Mtu wa kukaa tu dukani hakosekani. Nikiweka tangazo kwenye status asubuhi, hadi mchana simu imejaa, nusu yao watoto wa ndugu ambao ukiwakataa shangazi ananuna. Ninayemtaka mimi ni yule anayemwona mama ameshika gauni, amelirudisha, amelishika tena, akajua kinachomsumbua ni tumbo wala si bei, akamletea la mkato wa kuachia bila kumwaibisha. Huyo ndiye anayeondoka.

Anakwenda kuwa winga. Hana fremu wala leseni, ana simu. Anaposti picha za nguo zangu, mteja wa Songea akituma hela anakuja kununua kwangu, cha juu kinabaki kwake, kifurushi kinapandishwa basi. Kwenye gauni moja anaweza kunizidi faida mimi ninayelipa kodi ya pango. Kusema kweli, ningekuwa na umri wake ningefanya hivyohivyo.

Nilipobandika bei kwenye kila nguo kuzuia cha juu humohumo dukani, wateja walifurahi, wauzaji wazuri wakaanza kuaga. Nikaleta kamisheni kwa mauzo ya kila mmoja. Sasa Sinza wanagombania wateja mlangoni, na mzigo ukifika hakuna anayetaka kuufungua. NSSF nayo wanailalamikia, ile asilimia 10 yao wanaitaka mkononi.

Mume wangu anasema nguo ikipotea nikate mshahara, watashika adabu. Nimemkatalia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mfanyakazi awe amekubali makato hayo kwa maandishi, tena yasizidi robo ya ujira wake. Na hata ingeniruhusu, nani mwenye kipaji atakaa hapo?

Yupo binti mmoja Kariakoo, wateja wanakuja wakimuulizia yeye. Nataka nimkabidhi Dodoma. Amekubali, ila anataka mshahara pamoja na fungu lake, na liandikwe. Mume wangu anaona namgawia biashara. Mimi nimekwama kwenye hesabu: nikimpa asilimia ya mauzo, atashusha bei ili auze nyingi, nikimpa ya faida, lazima aone vitabu vyote, pamoja na bei ninayonunulia mzigo Guangzhou. Akishaijua hiyo, kesho si anaagiza mwenyewe?

Mliofungua matawi mikoani, mlipatana vipi na mtu wenu wa kwanza? Na kwa Sinza, kamisheni niigawe kwa duka zima, au mzembe atakula jasho la mwenzake?

Mama Magauni,
Dar es Salaam