Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: fomu ya rufaa iseme pia mtoto asafirije

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mama wa mtoto wa miaka miwili aliyezaliwa na mgongo wazi, kisha kichwa chake kikajaa maji, na ninakuandikia baada ya safari yetu ya nne kwa gari kutoka Iringa hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, mwendo wa karibu kilomita 500. Fomu ya rufaa tuliyopewa mara ya kwanza ilieleza maradhi, dawa na mahali tunakopelekwa, lakini juu ya namna ya kumfikisha huko haikuwa na hata mstari mmoja.

Safari hiyo nilimpakata, kama mama yeyote angefanya, nikaupitisha mkanda juu yetu sote wawili nikidhani ninamlinda. Kumbe gari likigonga kitu, mwili wa mama ndio unaombana mtoto kwenye mkanda huo. Na asipofungwa, hata kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 12 huchomoka mikononi kwa nguvu ya mamia ya kilo. Aliyenifumbua macho ni mtaalamu wa mazoezi ya tiba. Alinieleza kwamba mtoto mwenye kichwa kizito na shingo isiyokaza afungwe kwenye kiti chake kinachotazama nyuma ya gari, kilicholazwa kiasi, ili kichwa, shingo na mgongo vipokee mshtuko kwa pamoja, na kidevu kisiangukie kifuani kikaziba pumzi. Kiti hicho kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa. Khanga zilizokunjwa zikae pembeni mwa kichwa tu, kamwe si nyuma yake. Nilikinunua cha mtumba, na namshukuru shemeji kwa gari lake, kwani wengi niliokutana nao kliniki huja kwa basi.

Linalonisumbua zaidi ni macho ya kumwangalia. Mwanangu ana mpira chini ya ngozi unaoteremsha maji ya kichwani hadi tumboni, na ukiziba, dalili zake ni kutapika na kusinzia kupita kiasi, mambo ambayo safari ndefu humletea hata mtoto mzima wa afya. Dereva hawezi kuyapambanua, wala mama aliyeketi mbele. Lazima mtu mzima akae kando ya mtoto na ajue saa ya dawa yake ya degedege. Tukishashuka Kitonga, sisi husimama Mikumi mjini kumlisha na kumgeuza, kwa kuwa ndani ya hifadhi hakuna ruhusa ya kushuka garini hovyo. Mara moja alitapika mfululizo kabla ya Doma, na hatukujua kama tuingie hospitali Morogoro au tuendelee na safari hadi Dar es Salaam.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni sehemu fupi ndani ya fomu ya rufaa, ijazwe na daktari anayemfahamu mtoto: alazwe au aketi, afungwe kwenye kiti cha namna gani, nani akae kando yake, dalili gani zikitokea safari ikatishwe, na hospitali ipi ya njiani itupokee. Kwa wanaopanda basi, sehemu hiyo imtake kondakta ampe mtoto nafasi anayostahili, maana maneno ya mama pekee, nimeshuhudia, hayamsogezi abiria. Aidha, hospitali za rufaa za mikoa ziwe na viti vichache vya kuazimisha. Mtoto hukiacha kiti mapema kuliko kiti kinavyochakaa.

Kliniki yetu ijayo ni mwezi ujao. Nimeambatanisha karatasi tunayosafiri nayo, niliyoiandika kwa mkono wangu; mahali pa sahihi ya daktari pako wazi bado.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mama wa mtoto mwenye mgongo wazi,
Iringa