Anayelilia cha kale hajapungukiwa imani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na nikiipata, neno langu la kwanza liwe la kuwakaribisha wasomaji wenzangu. Karibuni nyote, mnaoswali na mnaosali, mliodumu katika dini mliyozaliwa nayo na mliohamia nyingine, pamoja nanyi ambao siku hizi hamna hakika mmesimama wapi. Jambo ninaloomba tulizungumze linatugusa sote: imani inapokutana na mabadiliko, tunawatendea vipi wale wanaoumia?

Nauliza hivyo makusudi. Mijadala mingi niliyoisoma kuhusu dini na mabadiliko ina pande mbili tu. Upande mmoja hushika kwamba ya kale ni dhahabu na mwacha mila ni mtumwa; upande wa pili hujibu kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Katikati ya mabishano hayo husahaulika mtu wa tatu, ambaye hapingi mabadiliko, na pengine hata anakiri kwamba yalihitajika, lakini anaumia kwa sababu kitu alichokipenda na kukitumia kumwendea Mungu wake kimeondolewa. Mtu huyo huambiwa kwamba imani yake ni haba. Barua hii naiandika kwa ajili yake, na naiandika nikiwa na deni.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati iliyopewa kazi ya kubadilisha kitabu cha nyimbo katika nyumba ya ibada tuliyokuwa tukisali. Sababu zetu zilikuwa za haki: kitabu cha zamani kilikuwa na maneno ambayo vijana hawakuyaelewa tena, kurasa zilikuwa zimechakaa, na baadhi ya beti zilikuwa zimetafsiriwa vibaya kiasi cha kupotosha maana. Mpaka leo naamini uamuzi ulikuwa sahihi. Tulikosea katika namna ya kuutekeleza. Jumapili moja watu walisimamishwa mlangoni, kila mmoja akakabidhi kitabu chake na kupewa kipya, na vile vya zamani vikachukuliwa kwenda kuteketezwa. Cha mama yangu kilikuwa miongoni mwa hivyo. Pembeni mwa nyimbo alikuwa ameandika tarehe kwa penseli: siku wimbo huu ulipoimbwa katika mazishi ya baba yake, siku ule ulipoimbwa nilipobatizwa mimi, na mingine ambayo sababu zake sitazijua tena. Alipoomba arudishiwe, aliambiwa, kwa upole lakini mbele ya watu, kwamba Mungu hakai kwenye karatasi. Aliyemwambia maneno hayo ni mimi.

Mama hakuacha kuja ibadani. Alikaa mahali pake pale pale, akasimama tuliposimama na kupiga magoti tulipopiga, ila hakuimba tena. Nilidhani ni ukaidi wa uzee, na miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba nilichokuwa nikikitazama kila Jumapili kilikuwa ni msiba ambao hakuna aliyekwenda kuuhani.

Tangu hapo nimekuwa nikiyarudia maandiko na historia za dini nikitafuta jinsi waliotutangulia walivyowachukulia watu wa namna ya mama, na nimeona kwamba wenye hekima miongoni mwao hawakuwaita wapungufu wa imani. Katika kitabu cha Ezra, sura ya 3, Wayahudi waliorudi kutoka uhamishoni Babeli wanaweka msingi wa Hekalu jipya mahali pa lile lililobomolewa na Wababeli. Makuhani wana tarumbeta, Walawi wana matoazi, na watu wanapaza sauti kwa furaha. Lakini wazee ambao macho yao yaliiona nyumba ya kwanza wanalia kwa sauti kuu, na mwandishi anasema watu hawakuweza kuipambanua sauti ya furaha na sauti ya kilio. Kinachonigusa ni kwamba mwandishi huyo hawakemei waliokuwa wakilia, wala haelezi kwamba walinyamazishwa ili sherehe iendelee vizuri. Anaziacha sauti zote mbili zisikike kwa pamoja, kisha anaongeza tu kwamba zilisikika mbali.

Mfano wa pili naupenda zaidi, nao umo katika Qurani Tukufu. Waislamu wa mwanzo walipohamia Madina waliendelea kuswali wakielekea Baitul Maqdis, yaani Yerusalemu, na imepokewa katika hadithi sahihi kwamba walifanya hivyo kwa muda wa miezi 16 au 17. Kisha ikaja amri ya kuigeuza kibla kuelekea Msikiti Mtakatifu wa Makka. Hayo hayakuwa mabadiliko madogo, kwa maana mwili mzima wa mwenye kuswali uligeuka. Yule aliyekuwa amezoea kuusujudia upande mmoja sasa aliusujudia mwingine, na hapakukosekana watu wa nje waliouliza kwa kejeli ni kitu gani kilichowageuza. Lakini swali zito zaidi lilitoka ndani, tena halikuwa swali la ukaidi. Walikuwapo waumini waliokufa kabla ya kibla kugeuzwa, ambao swala zao zote tangu hijra zilielekea upande ambao sasa umeachwa. Masahaba hawakujua waseme nini juu ya ndugu zao hao. Je, swala zile zimepotea bure?

Jibu, kama wafasiri walivyoeleza, limo katika Sura ya al-Baqara, aya ya 143: kwamba Mwenyezi Mungu hakuwa wa kuipoteza imani yenu. Naomba msomaji atue hapo kidogo. Wafasiri wanasema kinachokusudiwa ni swala, lakini neno lililotumika ni imani, neno lile lile ambalo Kiswahili kimelirithi na kulitia kinywani mwa kila mtu, wa dini yoyote. Kwa hiyo amri ile ile iliyoleta mabadiliko ilibeba ndani yake maneno ya faraja kwa ajili ya yaliyoachwa. Walioelekea upande wa zamani hawakuambiwa kwamba walikosea, wala walioingia katika upande mpya hawakuruhusiwa kuwadharau. Hicho ndicho nilichoshindwa kumpa mama. Laiti ningemwambia, kabla ya kumpokonya kitabu, kwamba nyimbo zote alizoimba kutoka kwenye kurasa zile zimepokelewa na hakuna hata moja iliyopotea, nadhani angenikabidhi mwenyewe.

Huenda kuna msomaji anayesema kwamba nikiwapa nafasi wanaoomboleza, maombolezo hayataisha na hakuna jambo litakalosonga. Hofu hiyo ina msingi. Nimewaona watu walioigeuza huzuni yao kuwa kufuli, wakataka kila mtu akae nje ya mlango mpaka wao watakapopona. Jambo hili nalo walilishughulikia waliotutangulia. Hekalu la pili lilipoteketezwa na Warumi mwaka 70, wapo Wayahudi waliojizuia wasile nyama wala wasinywe divai, kwa sababu vitu hivyo vilikuwa vikitolewa madhabahuni na sasa madhabahu haipo. Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inasimulia kwamba Rabi Yehoshua aliwaendea, akawaambia kwamba kwa kipimo hicho wasile mkate pia, maana sadaka za unga zimekoma, wala matunda, maana malimbuko yamekoma, wala wasinywe maji, kwa kuwa nayo yalikuwa yakimiminwa madhabahuni. Wakanyamaza. Ndipo akawaambia kwamba kutoomboleza kabisa haiwezekani, na kuomboleza kupita kiasi pia haiwezekani. Wahenga wao walikwisha kuagiza kwamba mtu aipige nyumba yake lipu ya chokaa, lakini aache sehemu ndogo bila lipu, na waliokuja baadaye waliikadiria kuwa dhiraa moja kwa dhiraa moja, mbele ya mlango. Nyumba inajengwa, watu wanaishi na kuoana ndani yake, lakini kila anayeingia anakiona kile kipande kilichoachwa wazi na anajua kilichopotea. Sijapata kusikia shauri la busara kuliko hilo katika jambo hili, nalo linawafunga wote, anayetaka kubadilisha na anayelia.

Huzuni isipopewa hata dhiraa moja, matokeo yake yamo katika historia ya Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi. Patriarki Nikon, mkuu wa Kanisa hilo aliyeshika kiti mwaka 1652, aliamua kuzirekebisha ibada za Warusi zilingane na za Wagiriki wa wakati wake. Waumini waliozoea kufanya ishara ya msalaba kwa vidole viwili waliamriwa kutumia vitatu, aleluya iliyoimbwa mara mbili ikawa mara tatu, na jina la Yesu katika maandishi yao likaongezewa herufi moja. Kwa mtu wa mbali mambo hayo yanaonekana madogo. Lakini kidole ambacho mama amekukunjia ukiwa mtoto, akakushika mkono na kukuonyesha paji la uso, kifua na mabega, si kitu kidogo. Yawezekana Nikon alikuwa na hoja zake za kitaalamu, na sina haja ya kuzipima hapa. Ninachokipima ni namna alivyotumia nguvu, na namna walioshikilia desturi ya zamani walivyolaaniwa rasmi na mtaguso, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, wa mwaka 1666 na 1667. Padri Avvakum, kiongozi wao mashuhuri, alichomwa moto mwaka 1682. Wengi walikimbilia misituni na mipakani, Kanisa likagawanyika, na waliojulikana kama Waumini wa Kale wapo hadi leo. Laana zile ziliondolewa na Kanisa la Urusi mwaka 1971, zaidi ya miaka 300 baadaye, na vidole viwili vikakubaliwa kuwa ishara halali sawa na vitatu. Waliotangaziwa kwamba desturi yao ilikuwa halali siku zote walikuwa vitukuu wa vitukuu wa waliochomwa kwa ajili yake.

Katika karne hiyo hiyo ya 20, Kanisa Katoliki lilipita katika badiliko ambalo baadhi ya wasomaji wako bila shaka wanalikumbuka, pale Misa ilipoanza kuadhimishwa kwa lugha za watu badala ya Kilatini baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Siku chache kabla ya Misali mpya, yaani kitabu cha sala za Misa, kuanza kutumika, Novemba 1969, Papa Paulo VI alizungumza na waumini, naye, aliyeitia sahihi hati ya badiliko lile, hakujifanya kwamba hakuna kinachopotea. Alisema wazi kwamba wanaagana na Kilatini, kwamba wanapoteza sehemu kubwa ya hazina ya nyimbo za Kigregori, na kwamba wana sababu ya kusikitika. Kisha akaeleza kwa nini, pamoja na hayo, kuyaelewa maneno ya sala kuna thamani kubwa zaidi. Wapo walioridhika na maelezo yake na wapo ambao hawajaridhika mpaka sasa. Mimi namheshimu kwa kuwa alilitaja pengo yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, badala ya kungoja wenye uchungu walitaje kisha awaite wakaidi.

Ndiyo maana siwezi tena kukubaliana na wanaosema kwamba yaliyopita si ndwele. Yaliyopita huwa ndwele, tena ya muda mrefu, yasipoagwa. Nikipewa leo kazi ile ile ya kubadilisha kitabu, nitaanza kwa kukaa na wale waliosali kwa miaka mingi kuliko wote na kuwauliza wimbo upi hawawezi kufa bila kuuimba. Nitamwomba anayeongoza ibada aseme hadharani kwamba tunaagana na kitu kilichotulea. Tutaziimba nyimbo za zamani kwa mara ya mwisho tukijua kwamba ni mara ya mwisho, na kila mwenye kutaka atakwenda na kitabu chake nyumbani. Kisha nitabadilisha kitabu. Sioni kwamba kazi hiyo ingechelewa zaidi ya majuma machache, na majuma hayo ndiyo niliyoyaona kuwa ghali mno wakati ule.

Kwa wewe unayeomboleza nina neno moja pia, na ninalisema kwa heshima. Usiwafungie mlango walio nyuma yako. Yule kijana anayeimba kutoka kitabu kipya kwa maneno anayoyaelewa kwa mara ya kwanza hakukuibia chochote, na pengine anayapata leo yale yale uliyoyapata wewe ulipokuwa na umri wake. Mwimbie ule wimbo wako wa zamani, naye atakuuliza maana ya maneno yake.

Mama yangu amekwisha kufariki. Katika mazishi yake niliomba uimbwe wimbo mmoja wa kitabu cha zamani, ambao haukuingizwa katika kile kipya kwa uamuzi wa kamati yetu. Tuliokuwa tukiukumbuka kwa moyo hatukufika kumi, na katika ubeti wa tatu tulikwama, tukarudia wa pili.

Ndugu Mhariri, nawaomba wasomaji wako wa dini zote waandike kupitia ukurasa huu na kueleza ni nini walichokiacha katika safari yao ya imani, na kama yupo aliyewasaidia kukiaga. Nami ningefurahi zaidi kama miongoni mwao atakuwapo anayeujua ubeti ule wa tatu.

Wako katika kutafuta,
Msomaji wako wa siku nyingi