Wanga si unga uliosagwa sana

Mhariri,

Makala yenu kuhusu bidhaa za mahindi ilisema wanga wa kiwandani ni unga uliosagwa mpaka ukalainika kabisa, na kinachobaki ni taka. Nimefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha wanga. Yote mawili si kweli.

Unga hata uusage mara kumi utabaki kuwa unga, kwani mafuta, protini na nyuzi za ganda bado zimo. Wanga huoshwa ukatoka. Punje hulowekwa kwanza katika maji ya nyuzi joto 50 hivi, yenye gesi ya salfa kidogo sana, kwa saa 30 hadi 50. Kazi yenyewe iko hapo. Salfa hulegeza protini inayozishika chembe za wanga, na bakteria, jamaa wa wale wanaogandisha maziwa, nao husaidia. (Harufu yake! Sisi tulishaizoea, wageni ndio walioshika pua.) Ukilifupisha loweko, hakuna mashine huko mbele itakayokuokoa.

Baada ya hapo punje hupasuliwa tu, ili kiini kitoke kizima. Kwa kuwa kimejaa mafuta, ni chepesi, kwa hiyo hutenganishwa kwa urahisi na kupelekwa kukamuliwa. Kilichobaki ndicho husagwa laini, nyuzi zikachujwa, na ule uji ukazungushwa kwa kasi: wanga, ulio mzito, huenda kwake na protini kwake. Wanga huoshwa tena na tena kabla ya kukaushwa, au hutiwa vimeng'enya ukageuka shira ya glukosi.

Na hiyo "taka"? Nyuzi na protini ni chakula cha mifugo. Maji ya loweko, yakishachemshwa yakawa mazito, yana historia yake: mwaka 1941, katika maabara ya Peoria, Illinois, Marekani, watafiti waliyatumia kulishia kuvu wa penisilini, na mavuno ya dawa yakaongezeka mara kadhaa.

Kilichoniudhi zaidi ni onyo lenu kwa wagonjwa wa seliaki, yaani wale ambao utumbo wao hudhurika wakila gluteni, protini ya ngano, kwamba mahindi nayo yana gluteni. Viwandani protini ya mahindi huitwa gluteni kwa mazoea tu. Siyo ile ya ngano inayowadhuru. Naomba mlisahihishe hilo kwanza, hata kama mengine mtayaacha.

Fundi mstaafu