Adapta za Intaneti ya Nyaya za Umeme na Lawama ya "Boksi Limeandikwa 1000"

Mwezi uliopita mteja wetu mmoja, mwenye nyumba ya wageni huko Malindi, Mji Mkongwe, Zanzibar, alitupigia simu kwa hasira akisema kwamba tumemwuzia uongo, kwa sababu boksi la adapta limeandikwa 1000 ilhali simu yake, ilipopima kasi katika chumba cha ghorofa ya tatu, haikupata hata megabiti 6 kwa sekunde. Si wa kwanza kusema hivyo, wala hatumlaumu kwa kuyaamini maandishi ya boksi. Lakini kwa kuwa lawama hii inaturudia kila baada ya wiki chache, tumeona heri tuijibu kwa maandishi.

Adapta ya kwanza huchomekwa ukutani karibu na ruta, ya pili huchomekwa katika chumba kisichofikiwa na Wi-Fi, na nyaya za umeme zilizokwisha kuzikwa ukutani ndizo zinazobeba data baina yao. Umeme wetu ni wa hezi 50, ilhali data hupandishwa juu yake kwa masafa ya kuanzia kama megahezi 2 na, kwa adapta za AV2, kizazi kipya zaidi cha mfumo wa HomePlug unaotumiwa na adapta nyingi za aina hii, hadi megahezi 86. Ndiyo maana vitu hivyo viwili hupita katika waya mmoja bila kugombana. Kwa Mji Mkongwe hii ni neema, kwani kuta za mawe na chokaa, nyingine nene kiasi cha nusu mita, huimeza Wi-Fi yote, na katika mji ulio urithi wa dunia tangu mwaka 2000 mtu hatoboi ukuta ovyo ili apitishe kebo.

Sasa ile 1000. Hiyo ni jumla ya kasi ya kwenda na ya kurudi, katika hali bora kabisa ya waya, kabla haijatolewa sehemu inayoliwa na adapta zenyewe katika kuwasiliana na kusahihisha makosa. Katika nyumba tulizozifanyia kazi, tukipata megabiti 80 hadi 150 tunajiona tumefanikiwa. Tena mteja wetu wa Malindi hulipia kifurushi cha megabiti 30, na hakuna adapta itakayompa kasi ambayo hakuinunua kwa kampuni yake ya intaneti.

Hata hivyo, 6 ni kidogo mno, na siku tuliyokabidhi kazi chumba kile kilikuwa kinapata 28. Tulipopanda juu tuliikuta adapta imehamishwa kutoka soketi ya ukutani na kuchomekwa katika ekstensheni, pamoja na televisheni na chaja tatu, na ekstensheni yenyewe imechomekwa katika stabilaiza. Alifanya hivyo kwa nia njema, akihofia umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika utaiunguza. Lakini vifaa vingi vya kulinda umeme vina kichujio kilichowekwa ili kizuie kila kinachotetemeka kwa kasi juu ya umeme, na data yetu ni mtetemo wa namna hiyo hasa. Kwa kichujio, huo ni uchafu wa kutupwa. Betri za akiba za kompyuta hufanya vivyo hivyo. Chaja za bei ya chini huongeza balaa kwa kumwaga kelele katika waya huohuo.

Kelele hizo ziliwahi kututesa Jambiani, ambako intaneti ilikuwa ikizimika kila jioni na mwenye nyumba akasadiki kwamba tumemwekea adapta mbovu. Tulibadilisha adapta mara mbili kwa gharama yetu kabla ya kugundua kwamba saa hiyo ndiyo pampu ya kisima inapowashwa. Kwingineko nyumba ilikuwa na fezi tatu, yaani njia tatu tofauti za umeme unaoingia, ruta ikiwa kwenye fezi moja na chumba cha mbali kwenye nyingine, hali ambayo hudhoofisha data sana. Katika nyumba moja kongwe hapakuwa na waya wa ardhi hata mmoja, na adapta za AV2 zinazoutegemea waya huo kuongeza kasi zikawa hazina tofauti na zile za zamani.

Ndiyo maana bei yetu haiwezi kulingana na ya adapta iliyonunuliwa sokoni Darajani. Tunafungua meinswichi, tunatambua kila soketi iko kwenye fezi ipi, tunawasha pampu, friji na viyoyozi vyote kwa pamoja, ndipo tunapopima. Pia tunabadilisha nywila ya kiwandani, ambayo kwa adapta nyingi za HomePlug ni neno lilelile moja, "HomePlugAV"; tumewahi kukuta nyumba mbili zinazopakana, zinazolishwa na fezi moja, zikitumia mtandao mmoja bila wenyewe kujua, kwani mita haizuii data kama watu wanavyodhani.

Wengine hutuuliza kwa nini shirika la umeme lisituletee intaneti kwa nyaya za nguzoni. Mji wa Manassas, Virginia, Marekani, ulifanya hivyo kuanzia mwaka 2005 na ukaacha mwaka 2010. Transfoma huzuia masafa hayo hadi yatafutiwe njia ya kuizunguka, na nyaya za nguzoni, kwa kuwa hazina kinga, huyarusha hewani na kuwasumbua wenye redio.

Kule Malindi hatukubadilisha kifaa chochote. Tuliirudisha adapta ukutani, kisha stabilaiza na ekstensheni yake tukazichomeka katika soketi iliyo usoni mwa adapta, ambayo ina kichujio chake cha kuzuia kelele za vyombo hivyo zisirudi kwenye waya. Simu ikasoma 27. Kwa hofu ya kishindo cha umeme tulimshauri afungiwe kinga kwenye meinswichi. Tulimtoza shilingi 25,000 za safari hiyo, na hizo ndizo anazozilalamikia hadi leo.